Barcelona kwa saa tano: Boqueria katazame, Encants kanunue

Vijana wenzangu wa Mombasa mlio kwenye meli za watalii, siku mkiteremka Barcelona mtakuwa na saa tano hivi kabla ya zamu. Mimi nimeshuka mara nne. Mbili za mwanzo nilizipoteza.

Kutoka bandarini unatokea kwenye mnara wa Columbus, na hapo La Rambla inaanza. Mkoba uweke kifuani, na simu usiitembeze mkononi kama uko harusini. Wezi wa mifuko wa njia ile wana sifa dunia nzima. Ukipanda, mkono wa kushoto ndiyo Boqueria.

Soko ni zuri, sikatai. Paa la chuma ni la 1914, matunda yamepangwa kama shanga. Lakini vibanda vya mbele vimewalenga wageni. Mtu wa Pwani anunue embe la vipande sita kwenye kikombe cha plastiki, kwa euro? Pita. Ingia mpaka katikati, kwenye mviringo wa samaki: ngisi, pweza, kamba, wote juu ya barafu. Jumapili soko limefungwa, na Jumatatu meza nyingi za samaki hazifunguliwi.

Kilichonisimamisha mimi ni bacallà, samaki wa bahari za baridi aliyetiwa chumvi akakaushwa. Ng'onda, kwa lugha yetu! Ila wao humuuza hata aliyekwisha kulowekwa: amelala majini, mweupe, chumvi imepungua, kazi yako ni kupika tu. Nikamkumbuka nyanya na papa wake, nyumba nzima ikinuka kutwa. (Waislamu wenzangu, ulizeni kabla ya kuonja chochote. Mapaja ya nguruwe yananing'inia kila upande.)

Passeig de Gràcia, mtaa wa maduka ya kifahari, ni ya macho. Nyumba alizozibuni Gaudí, yule msanifu majengo, unazitazama bure ukiwa njiani, na dirishani mwa duka kuna mkoba wa mshahara wangu wa miezi mitatu. Twende mbele.

Shika treni ya chini ya ardhi, laini nyekundu ya L1, kutoka Plaça de Catalunya hadi Glòries. Hapo ndipo Encants. Soko lina asili ya karne ya 14, ingawa jengo ni la 2013, na dari lake ni vioo: ukiinua kichwa unajiona kule juu, miguu imeelekea mbinguni, pamoja na makochi na masufuria ya watu. Hufunguliwa Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Siku hizo, ila Jumamosi, alfajiri kuna mnada. Vyombo vya nyumba nzima vinanunuliwa kwa fungu, kisha mnunuzi anavimwaga chini na kuuza kimoja kimoja. Mimi nimelelewa kwa mitumba ya Kongowea. Robota likifunguliwa nalijua.

Takataka zimo tele, chaja zisizo na simu, kiatu cha mguu mmoja. Usiwe na haraka. Chini ya rundo la vitambaa vya meza nilikiona kinu cha shaba na mchi wake, kizito, ndani kimelainika kwa kutwangiwa miaka. Mzee akataka euro 25. Nikaondoka kama nilivyofunzwa: polepole, bila kugeuka. Hatua ya nne akaita, “Quince!” Ni 15 hiyo. Nikarudi na 12 zimekunjuliwa mkononi, azione. Akazichukua huku akinung'unika, akakifunga kwenye gazeti.

Boqueria naipa nyota tatu, zote za samaki. Encants nne na nusu. Nusu nimeikata kwa sababu ya lile jua la saa saba na begi zito.

Kinu sasa kiko Majengo. Mamangu alikigonga kwa ukucha, akasikiliza, ndipo akatia iliki za mahamri. Akauliza bei. Nikamwambia 12, nimejaa fahari.

“Ungeanza na nane,” akasema, akaendelea kutwanga.