Boti ya Zanzibar: omo (mbele), tezi (nyuma) au katikati? Angalia upepo kwanza ndo ulipe

Mwezi wa saba nilimpeleka mama mkwe Unguja kwenye harusi, kwenda tulikwenda salama kabisa, sasa wakati wa kurudi ndo nikasema nimfanyie heshima mama wa watu nikamkatia VIP, ya juu, mbele kabisa. Kishoka, hawa madalali wa tiketi, pale nje ya bandari ya Malindi alinishika sikio: mama atakaa mbele ya kioo kikubwa, bahari yote ataiona, mbele ndo kuna raha. Nikalipa bei ya dirisha la tiketi na elfu 10 yake juu.

Tulipokipita kisiwa cha Chumbe tu, boti ikaanza. Inapanda, inatulia hewani kidogo, halafu paa! kioo kinatetemeka chote, inapanda tena. Mama kashika mkono wa siti kwa mikono miwili, tasbihi imemdondoka miguuni na hawezi hata kuinama aiokote, mie nimemshikia mfuko wa kutapikia huku najizuia mwenyewe. Mfuko wa pili nikaomba kwa kijana wa boti. Kufika Dar alikaa kwenye kibaraza pale Sokoine Drive karibu saa nzima kabla hajaweza kupanda bajaji, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, kwani siti za chini zilikuwa zimejaa?"

Hazikuwa zimejaa. Na boti haikuwa na kosa, kosa ni mahali tulipokaa na mwezi tuliosafiri.

Kwa hiyo sitawaambia habari za AC, TV wala siti za ngozi, hayo kila mtu anayaona akiingia. Mie nataka tuongelee mbele na nyuma, na upepo.

Boti zetu nyingi za kasi zina matumbo mawili, ndo maana hazilali sana ubavuni, lakini kupanda na kushuka kwa pua kuko palepale. Kwenye daladala ni siti ya nyuma kabisa inayokurusha ukifika kwenye tuta, kwenye boti ni mbele, na ukiwa juu unasikia zaidi kuliko wa chini. Wazee wa majahazi walishasema tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama iko chini, ndani ya tumbo la chombo. Huko ndo kumetulia.

Sasa upepo. Kutoka Dar kwenda Unguja unaelekea kaskazini, kilomita 70 na kitu. Kipindi cha kusi, upepo wa kutoka kusini, na mwezi wa sita mpaka wa nane ndo linavuma kwelikweli, ukienda mawimbi yanakusukuma kwa nyuma, ukirudi unayapokea usoni. Kaskazi, ule wa kutoka kaskazini, Desemba mpaka Machi, ni kinyume chake, kwenda ndo unabamizwa na kurudi unasukumwa. Ndo maana kuna mtu atakwambia mbele pazuri sana mie sikusikia kitu, muulize alisafiri mwezi gani na alikuwa anaelekea wapi, maana mimi na yeye tunaweza kuwa tumekaa siti ileile. Wauza tiketi hawakuulizi hata siku moja, anakuuzia mbele mwezi wa saba kama anavyokuuzia mwezi wa pili.

Nyuma nako watu wanapasifia, deki ya wazi, hewa safi. Hewa safi ya wapi jamani? Hili ndo linaloniumiza na sijaona mtu analisema: MOSHI. Boti ikikimbia inaacha kama pengo la hewa nyuma yake, hewa inajikunja inarudi kujaza lile pengo, na moshi wa injini unarudi nayo mpaka pale ulipojishikiza kwenye bomba unapiga selfi. Upepo ukitokea nyuma, yani kusi ukiwa unaenda Unguja, ndo inazidi kwa sababu moshi hauachwi mbali. Safari moja nilikaa deki ya nyuma mwanzo mwisho, tulipofika nikajifuta uso na tishu nyeupe, ikatoka na masizi, na mtandio wangu wa krimu ulikuwa na vidoadoa vyeusi upande mmoja ambavyo mpaka leo havijatoka. Na harufu ya dizeli ukichanganya na mawimbi, hata asiyetapika atatapika. Wengi wanadhani bahari imewachafua kumbe ni moshi. Ukiwa na mtoto au mwenye pumu usimpeleke kule hata akilia.

Cha kufanya, ukiwa bado gatini iangalie boti kwa nyuma kabla hujapanda. Tafuta mabomba ya moshi yanatokea wapi na rangi iliyozunguka imekuwa nyeusi kiasi gani, upande wenye weusi mwingi uuepuke.

Kwangu mimi ya kwanza ni katikati, ghorofa ya chini, kurudi nyuma kidogo ya nusu ya boti, dirishani ili macho yaone mstari wa bahari, maana kichefuchefu kinakuja pale sikio linaposema tunacheza na macho yanasema tumetulia. Na dirisha liwe la kushoto. Ukienda asubuhi jua liko kulia, unavipita visiwa vya Bongoyo na Mbudya ukiwa kivulini, na ukirudi jioni jua limehamia magharibi, kushoto tena ni kivuli.

Ya pili ni nyuma lakini NDANI. Utasikia injini inaunguruma chini ya miguu, mtu wa usingizi mwepesi halali, ila hurushwi. Kaa mbali na mlango wa deki, safu tano sita hivi, kwa sababu kila ukifunguliwa ule moshi unaingia.

VIP ya juu mbele naiweka ya tatu, na ni kwa safari ambayo upepo uko nyuma yako tu. Hapo kweli ni pazuri, siwezi kudanganya. Deki ya nyuma ya mwisho. Kama bei ndo inakubana ipo pia meli kubwa inayobeba magari, inakwenda taratibu, basi.

Kampuni? Mie ni mtu wa boti za Azam na sifichi. Zile Kilimanjaro zao nyingi zimetengenezwa Australia, Tasmania, kwa watu wenye bahari kali kuliko yetu, na safari ni kadhaa kwa siku, hata nikiona asubuhi kumechafuka nina nyingine ya kusubiri. Tena tiketi nakata kwenye simu nikiwa nyumbani Tabata, sina haja ya kuvutwa mkono na mtu.

Maana wale vishoka jamani! Unashuka tu kwenye bajaji, mmoja kashika begi, mwingine kashika pasipoti ya mgeni wako, anakwambia boti imejaa imebaki VIP tu, ukienda dirisha la tiketi mwenyewe economy iko tele. Elfu 10 yangu ile ilinunua uongo. Inaniuma zaidi kwa sababu anayeuza ndo anajua bahari ya siku ile ikoje, amewaona wenzetu wakishuka asubuhi na mifuko mkononi, na bado anamkalisha mama wa miaka 70 mbele kabisa. Wahusika wa bandari wawaondoe pale getini.

Desemba tunaenda tena Unguja, kaskazi litakuwa limeshaingia, kwa hiyo safari hii ni kwenda ndo kwenye kazi. Boti ya saa 1 asubuhi, chini, katikati, kushoto. Tiketi yangu haina namba ya siti, kwa hiyo saa 12 kasoro tutakuwa getini, mama na tangawizi yake kwenye chupa.