Walituita tunaoanza, kisha wakamkemea mama kwa kupiga makofi

Naandika haya nikiwa bado na hasira, ingawa wiki kadhaa zimepita, na naomba msomaji aniwie radhi nikianza na tukio moja kabla ya kufika kwenye mengine. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 73, alishikwa mkono wa buibui na kijana mhudumu wa ukumbi, mbele ya ukumbi uliojaa watu, akaambiwa: “Mama, keti. Hapa si harusini.” Kosa lake lilikuwa kupiga makofi na kuinuka ili amtuze mpiga fidla.

Jioni yenyewe ilitangazwa kuwa ni ya watu wanaoanza. Tangazo lilisema kwamba muziki wa klasiki wa Ulaya, densi ya baleti na sanaa ya uchoraji vitaletwa karibu na wakazi wa Mombasa ambao hawajapata kuviona, kwamba hahitajiki mtu kuwa na ujuzi wowote, na kwamba kila mmoja aje kama alivyo. Kwa ajili ya maneno hayo ya mwisho nililipia jioni tatu, zangu na za mama, pesa ambazo kwa fundi wa majokofu si haba.

Sikumpeleka mtu asiyejua kusikiliza. Mama amezaliwa Kibokoni na amekulia tarabuni. Anazo kanda za Zein l’Abdin, mwimbaji wa tarabu na mpiga udi, ambazo zimesikilizwa mpaka zinakwaruza, na udi unapoanza bashrafu, yaani muziki wa ala tupu wa kufungulia tarabu, nyumba nzima hunyamaza, kwa kuwa yeye ameamuru hivyo. Lakini tarabuni msikilizaji naye ana kazi yake. Beti likimgusa, huinuka, akaenda jukwaani kwa mwendo wa taratibu unaofuata ngoma, akatia noti mkononi mwa mwimbaji, kisha akarudi kitini. Pesa ni kidogo na si hoja. Kwa kitendo hicho msikilizaji anasema kwamba ameelewa, na mwimbaji anajua kwamba ameeleweka.

Basi wakaingia wapigaji wanne, fidla mbili, fidla kubwa ya sauti nzito kidogo, na selo iliyo kubwa zaidi, wakapiga ile kazi ya mtunzi Mozart ya mwaka 1787, Eine kleine Nachtmusik, ambayo ina sehemu nne. Sehemu ya kwanza huisha kwa nguvu, nyuzi zote zikigonga pamoja, hata sikio lolote lenye akili litasadiki kwamba muziki umekwisha. Mama akapiga makofi, na watu kama kumi wakamfuata. Tayari alikuwa na noti ya shilingi 200 aliyoikunja mara nne katika kiganja, akainuka, akaanza kwenda mbele. Binti aliyepiga fidla ya kwanza alimwona. Aliushusha upinde wake, akatabasamu, akasogea nusu hatua kuja ukingoni mwa jukwaa, nami niliona unga mweupe wa ulimbo wa kupaka upinde uliotapakaa chini ya nyuzi za fidla yake, kwani tulikaa karibu kiasi hicho. Hapo ndipo kijana yule alipofika kwa haraka, akamshika mama mkono wa buibui na kumwambia maneno niliyoyataja. Binti akarudi nyuma. Wenzake wakaangalia karatasi zao. Mama akakaa, noti ikiwa bado mkononi, na hakuitoa sauti yake tena mle ukumbini.

Kinachoniudhi zaidi ya mkono ule ni kwamba hakuna aliyetuambia. Mwenyeji wa jioni alizungumza kwa takribani robo saa kabla ya muziki kuanza. Alitueleza kwamba Mozart alizaliwa Salzburg mwaka 1756 na kwamba alifariki Vienna mwaka 1791, akiwa na miaka 35. Ni habari njema. Lakini neno moja tu lililomhusu mgeni aliyekaa kitini, kwamba kazi hii ina sehemu nne na kwamba desturi yao ni kungoja mpaka ya nne iishe, hakulisema, wala halikuandikwa kwenye karatasi tuliyopewa mlangoni. Nilipokwenda kulalamika wakati wa mapumziko, mama mmoja msimamizi alinijibu kwamba huo ni utaratibu wa kimataifa na kwamba watu wazima wanatarajiwa kuujua. Nilimwuliza: mliowaita ni watu wanaoanza, wataujulia wapi? Akaniacha nimesimama, akaenda kusalimia wageni wake.

Sasa, utaratibu huo wenyewe si wa kale kama wanavyoutetea, nami nimekesha kuusoma. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia babake barua kutoka Paris akimweleza jinsi simfoni yake mpya, kazi ya okestra nzima, ilivyopokewa. Ndani ya sehemu ya kwanza aliweka kipande alichojua kitawapendeza watu, na watu wakapiga makofi muziki ukiendelea, hata haujafika mwisho. Hakukasirika. Alifurahi hata baada ya onyesho akaenda kula aiskrimu, kisha akasali rozari aliyokuwa ameiwekea nadhiri. Na Beethoven, mtunzi mwingine, simfoni yake ya saba ilipopigwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1813, hadhira ilidai sehemu ya pili irudiwe papo hapo, ikarudiwa. Kunyamaza kati ya sehemu ni desturi iliyokuja kushika nguvu baadaye. Sisemi ni desturi mbaya, kwani upo utamu katika kimya hicho, nami niliuonja baadaye. Nasema kwamba kwa kitendo cha mama yangu, mtunzi mwenyewe angeshukuru, na aliyemkemea alikuwa akilinda heshima ambayo mtunzi hakuidai.

Kuwaleta watu wapya kunawezekana, na kumewahi kufanywa vizuri. London, mwaka 1895, Robert Newman alianzisha matamasha ambayo mtu aliingia kwa shilingi moja akasikiliza akiwa amesimama, na aliruhusiwa kula, kunywa na kuvuta sigara, kusudi azoee muziki kwanza, na mengine yafuate. Matamasha hayo yanaendelea mpaka leo.

Haki itendeke: sehemu ya baleti ilikuwa nzuri sana. Mchezaji alitusimamisha sote, tukashika migongo ya viti, akatuonyesha namna tano za kuweka miguu, na bibi mmoja jirani yetu alikunja magoti kwa ustadi uliomfanya mchezaji ampigie makofi. Tazameni, hapo makofi yaliruhusiwa. Michoro ya ukumbini sitaizungumzia sana. Ilitundikwa juu mno na maelezo yake yaliandikwa kwa herufi ambazo mwenye miwani hakuziona.

Nilipoketi kuandika nilikusudia kumshauri kila mtu asipoteze pesa zake pale, na bado nusu ya moyo wangu inasema hivyo. Ukumbi unaomwita mgeni kisha ukamfedhehesha kwa sheria uliyoificha haustahili kuitwa mlango wa sanaa. Lakini kuna jambo linalonizuia. Sehemu ya pili ya ile kazi ya Mozart ni ya taratibu, na ilipoanza nilimtazama mama nikitarajia machozi. Alikuwa amefumba macho na kuinamisha kichwa upande wa kushoto, kama afanyavyo udi unapolia. Ndani ya tuktuk, tulipopita Makadara, alizungumza kwa mara ya kwanza. Alisema binti yule fidla yake imekazwa barabara, na kwamba ile sehemu ya pili ingefaa kuwa bashrafu.

Kwa hiyo jioni mbili zilizobaki sijaamua la kuzifanya. Nimewaandikia wahusika nikitaka mama aombwe radhi na idadi ya sehemu itangazwe kabla ya kila kazi, na mpaka leo sijajibiwa. Mama hajui kama nimeandika. Noti ile ameiweka ndani ya kopo lake la dawa, ikiwa imekunjwa vilevile mara nne, na juzi nilipotaka kuichukua ili ninunue mkate alinizuia, akasema hiyo si yake tena, ni ya yule binti.