Msumari wa SIGN kwa ugoko uliovunjika vibaya: unafaa wapi, unagoma wapi

Msumari huu, yaani fimbo ya chuma inayoingizwa ndani ya mfupa uliovunjika ili kuushikilia, haununuliwi dukani. Unatengenezwa Richland, jimbo la Washington, Marekani, na shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari wa mifupa Lewis Zirkle. Hospitali iliyo kwenye mpango wake huupata bure. Kila mgonjwa akishawekewa, picha zake za eksirei hupandishwa kwenye kanzidata ya shirika, na kwa hesabu hiyo hospitali hurudishiwa misumari iliyotumika. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, ni kati ya zinazoutumia.

Sifa yake kubwa ni kutotegemea mashine ya eksirei ya papo kwa papo, ambayo hospitali nyingi hazina, au wanayo lakini imeharibika. Misumari mingi mingine ina uwazi katikati na hupitishwa juu ya waya. Huu ni chuma kizima, na matundu ya skrubu zake za chini, zinazoufunga kwenye mfupa, hutafutwa kwa mkono wa kulengea unaofungwa kwenye kishikio nje ya mguu.

Hapo ndipo kazi inapoharibikia. Kabla msumari haujaingia mfupani, lazima ufungwe mezani pamoja na kishikio na mkono wa kulengea, kisha ihakikishwe kuwa kila tundu la mkono linaangaliana na kipenyo chake (tundu la skrubu) kwenye msumari, na boliti zikazwe barabara. Anayeruka hatua hii ataitafuta skrubu ya chini hadi achoke. Hata mezani pakiwa sawa, msumari unaweza kujipinda kidogo ukipigwa kwa nguvu kwenye mfupa mwembamba. Ndiyo maana vipenyo vyake ni virefu badala ya kuwa duara: vinasamehe kosa dogo. Ukuta wa karibu wa mfupa hutobolewa tundu pana, kisha kitafuta kipenyo huingizwa na kuzungushwa. Kikiwa ndani kweli, kinakwama kwenye chuma na kishikio cha juu hutikisika nacho. Kisipotikisa kitu, kimepita kando ya msumari, na skrubu itakayofuata haitashika chochote. Ukuta wa mbali hutobolewa tundu jembamba.

Mfereji wa uboho ndani ya mfupa hutanuliwa kwa kekee za mkono, kuanzia nyembamba, mpaka meno yaanze kukwaruza ukuta. Kwa kawaida tundu huachwa pana kuliko msumari kwa milimita 1 hadi 2. Unga wa mfupa unaotoka usitupwe, unafaa kujazia pengo la mvunjiko. Kwa kuwa hakuna waya wa kuongoza, vipande vinyooshwe kwanza, na mara nyingi bila picha daktari hulazimika kufungua kidogo penye mvunjiko. Ni gharama ya kweli, kwa sababu ngozi ya ugoko ni nyembamba na haina nyama ya kuifunika.

Kwa mvunjiko wa katikati ya mfupa, hata uliosagika vipande vingi, tunaupa alama za juu. Ukiwa robo ya juu, mambo hubadilika: kano ya goti huvuta kipande cha juu, kinainuka mbele, na mguu unapinda magoti-kugusana. Dawa yake ni kuingilia juu zaidi na kidogo kuelekea upande wa nje, kuunyoosha mguu badala ya kulikunja goti sana, na kuweka skrubu za kuzuia pembeni mwa njia ya msumari. Karibu na kifundo, skrubu mbili za chini ni lazima. Mvunjiko ulioingia ndani ya goti au kifundo si kazi yake. Uso wa kiungo lazima urudishwe sawasawa kwa sahani na skrubu.

Kwenye mvunjiko wenye jeraha wazi, msumari si jambo la kwanza. Antibayotiki zianze ndani ya saa moja ikiwezekana, kidonda kioshwe kwa lita kadhaa za maji ya chumvi, na nyama iliyokufa ikatwe. Utafiti wa MOI uliochapishwa mwaka 2020, uliolinganisha msumari na vyuma vya nje (fremu inayoshikilia mfupa kutoka nje ya ngozi) kwa wagonjwa 240, haukuona tofauti kubwa ya vifo au kurudiwa upasuaji kwa mwaka mmoja. Lakini waliowekewa msumari mifupa yao ilipinda mara chache zaidi, na wiki za mwanzo walikuwa na hali nzuri zaidi. Kwa maoni yetu hilo linatosha kuuchagua, mradi kidonda kinafungika. Kama nyama imeondoka kiasi cha kuhitaji kiraka cha msuli, vyuma vya nje vitangulie.

Ndugu wa mgonjwa wajue hili: maumivu yanayozidi dawa, hasa vidole vikinyooshwa na mtu mwingine, ni dharura hata kama mapigo ya mguuni yanasikika. Shinikizo limepanda ndani ya misuli, na utando unaoifunika ukatwe ili ipumue kabla haijafa.

Kupona huchukua miezi 4 hadi 6, na zaidi kwa jeraha wazi au mvutaji sigara. Maumivu ya mbele ya goti ni malalamiko ya kawaida. Lawama yetu kubwa kwa bidhaa hii huonekana baadaye: msumari ukikatika ndani, kipande cha chini hakina uwazi wa kupitisha ndoano, na kukitoa ni kazi ngumu.