Tathmini ya Kisanduku cha Kupimia Mvua ya Asidi

Kisanduku hiki, kilichoandaliwa kwa ajili ya wanafunzi na watu wanaofuatilia hali ya mito na maziwa, kina karatasi za kupimia pH (kipimo cha asidi, ambapo namba ndogo humaanisha asidi zaidi), kipimo kidogo cha kielektroniki, chupa ya dawa ya matone ya kupimia alkali na kijitabu cha maelekezo. Nimekitumia kwa maji ya mvua na ya bwawa, na nimeona kuwa kinachosifiwa zaidi kwenye boksi ndicho dhaifu kuliko vyote.

Nazungumzia karatasi. Mvua safi yenyewe ina pH ya takribani 5.6, kwa kuwa kabonidioksidi ya hewani huyeyuka ndani yake. Mvua ya asidi, inayotokana na dioksidi ya salfa na oksidi za nitrojeni zinazotoka kwenye mitambo ya makaa ya mawe, viwanda na magari, mara nyingi hufikia kati ya 4.2 na 4.4. Namba moja ikishuka, asidi imeongezeka mara kumi. Karatasi hizi hupima kwa namba nzima tu, na rangi ya 5 inafanana mno na ya 6, ilhali katika nafasi hiyohiyo konokono huanza kutoweka na, maji yakifika 5, mayai ya samaki wengi hayaanguliwi.

Kipimo cha kielektroniki ni bora, mradi mtumiaji awe na subira. Maji ya mvua yana chumvi kidogo sana, hivyo namba huyumbayumba kwa muda mrefu kabla ya kutulia, jambo ambalo kijitabu hakikuligusa. Wala hakionyi kwamba chombo cha kukingia kifunguliwe mvua inapoanza tu: vumbi lenye kalsiamu likitangulia kutua ndani yake, huipunguza asidi na kukupa jibu la kufurahisha lisilo la kweli.

Kilichonishawishi ni ile chupa ya matone, ambayo tangazo halikuipa hata sentensi moja. Unadondosha tone baada ya tone katika sampuli ya maji ya ziwa, ukitikisa, mpaka rangi ya kijani igeuke kuwa nyekundu. Idadi ya matone ndiyo inayokueleza ziwa lina uwezo gani wa kuhimili asidi. Maziwa mawili yanaweza kunyeshewa mvua ileile, lile lililo juu ya mawe ya chokaa likabaki salama, na lile la juu ya granaiti, mwamba mgumu usiopunguza asidi, likafa samaki wake, kama ilivyotokea katika milima ya Adirondack nchini Marekani. Asidi pia huifungua alumini iliyoshikwa na udongo, ikasombwa hadi majini na kuharibu matamvua ya samaki.

Kuhusu misitu, kijitabu kimeipa aya moja, nami naona huo ni upungufu mkubwa. Katika msitu wa Hubbard Brook, New Hampshire, ambako mvua imekuwa ikipimwa tangu 1963, watafiti walionyesha kuwa asidi ilikuwa imeukamua udongo kalsiamu yake, madini ambayo miti huyahitaji, na hali hiyo haikurekebika upesi hata baada ya moshi kudhibitiwa.

Mwalimu mwenye darasa la kufundisha anunue kisanduku hiki, karatasi aziache kwa maonyesho tu, na aagize mapema chupa ya pili ya matone, maana iliyomo ni ndogo, na ya ziada huuzwa peke yake.