Uzoefu wangu: kochi wa sauti niliyemlipa Dar, na jinsi nilivyompata

Watu kadhaa wa fani wamekuwa wakiniuliza WhatsApp kama ni kweli nalipia mtu anifundishe kusoma matangazo, wakati redioni nimekaa miaka. Ni kweli, na pesa yangu haijaenda bure. Nimesoma na kochi mmoja wa hapa Dar es Salaam kwa miezi kadhaa, mara nyingi ana kwa ana, siku nyingine kwa Zoom. Naandika haya kwa ajili ya yule anayetaka kuishi kwa sauti yake na hajui amwamini nani.

Redio ilinipa ujasiri wa kukaa mbele ya maiki, lakini ilinipa pia ile sauti ya kitangazaji, inayopanda mwanzo wa sentensi na kuvutwa mwishoni. Siku hizi kampuni za matangazo hazitaki kuisikia. Maelekezo yanayokuja na skripti ni yaleyale kila mara: asome kama anaongea na jirani. Halafu kuna kuingiza sauti kwenye tamthilia. Tangu TBC ionyeshe ile tamthilia ya Kichina kwa Kiswahili mwaka 2011, tumezoea kuwasikia Wachina, Waturuki na Wahindi wakigombana kwa Kiswahili sebuleni kwetu, na nyuma ya kila mmoja wao kuna mtu amelipwa. Nilizitaka kazi hizo na nilikuwa sizipati.

Ugumu ni kwamba fani hii haina leseni ya ualimu. Huku kwetu hakuna, Marekani nako hakuna. Mtu yeyote anaweza kujiita kochi akaweka tangazo Instagram. Nilizungumza na watatu kabla ya kuamua.

Wa kwanza alikuwa na kifurushi: madarasa machache, demo mwishoni, yaani rekodi fupi ya sampuli ya sauti yako, na cheti chenye muhuri. Hakuniomba hata nisome mstari mmoja, alichotaka ni malipo ya awali. Nilimuuliza atajuaje kama nipo tayari kurekodi demo, akajibu kwamba demo imo ndani ya bei. Nikaaga. Demo ndiyo inayokuingiza kwa prodyuza, na ukimpelekea mbovu, kumrudia baadaye ni kazi. Na cheti hakuna anayekiuliza. Tangu nianze hizi kazi, mteja huwa anasema nitumie sampuli, basi.

Wa pili ni Mmarekani anayefundisha kwa mtandao. Nisiwafiche, alikuwa mzuri. Kuhusu pumzi na namna ya kuivunjavunja skripti nilijifunza kwake ndani ya saa moja vitu nisivyowahi kuambiwa. Lakini mimi nauza Kiswahili. Nikisoma kwa Kiswahili alisikia wimbo tu, hakusikia kama neno limepinda. Hawezi kujua kwamba "dhahabu" imetoka "zahabu", au kwamba nimeweka mkazo pasipotakiwa. Kama soko lako ni Kiingereza, kochi wa aina hiyo anakufaa kabisa.

Wa tatu ndiye niliyebaki naye. Kaka huyu ni mwigizaji wa jukwaani, uigizaji ameusomea chuo cha sanaa Bagamoyo, na bado anafanya kazi hizihizi anazofundisha. Hilo ndilo lililonivuta. Nilipomuomba anisikilizishe kazi zake alinitumia za karibuni, na nyingine nilikuwa nazisikia kwenye daladala bila kujua ni yeye. Tena kabla hajataja bei alinipa skripti, akanisikiliza, akanipa elekezo moja, akaniambia nirudie. Usomaji wa pili ukawa tofauti na wa kwanza, na mimi mwenyewe niliusikia huo utofauti. Kwangu huo ndio mtihani wa kochi: akikuelekeza mara moja, kuna kitu kinabadilika au anakusifia tu?

Niwaonyeshe somo moja lilivyokuwa. Tulikuwa na skripti ya tangazo la unga wa ugali. Nikasoma vizuri tu, kiredio. Akavuta kiti akakiweka mbele yangu, akauliza, "Dada, hapo amekaa nani?" Nikasema Mama Salma, jirani yangu. "Haya, mwite kwanza, halafu ndiyo useme." Nikasema, "Mama Salma, hebu njoo uone," nikaunganisha moja kwa moja na mstari wa kwanza wa tangazo. Sauti ilishuka yenyewe, mabega yakashuka, na mstari ukatoka kama maneno ya mtu. Kisha akafungua kompyuta, akakata "Mama Salma, hebu njoo uone", akaniachia tangazo. Mbinu hiyo naitumia kila siku. Mteja hajui kama kuna Mama Salma kwenye kila tangazo langu.

Kwenye tamthilia alinikalia kooni zaidi. Skripti zetu nyingi ni tafsiri, na Kiswahili kikitafsiriwa huwa kirefu kuliko mdomo wa mwigizaji kwenye skrini. Nilizoea kukimbiza maneno ili niwahi. Yeye akinisikia nakimbia anasimamisha. Anataka nitazame midomo inapofungwa, kwenye m, b na p, nitafute neno linalofunga hapohapo, kisha nimwombe msimamizi apunguze maneno. Na kama mwigizaji amevuta pumzi kabla ya kulia, hiyo pumzi nayo uirekodi.

Chumba changu cha kurekodia alikuja kukikagua mwenyewe. Nilikuwa nimebandika trei za mayai ukutani kama wengi wetu tunavyofanya. Akaniambia nizitoe, hazinyonyi sauti kwa kiasi cha maana. Tukahamia kwenye kona yenye kabati la nguo, tukaning'iniza mablanketi mazito nyuma yangu na pembeni, tukazima feni na friji. Dar bila feni mnaijua, kwa hiyo narekodi usiku au alfajiri, na mvua ikipiga mabati sirekodi kabisa. Maiki aliiweka kama shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Halafu akanifundisha kuangalia namba kwenye Audacity, ambayo ni programu ya bure: sauti ya juu kabisa isipite desibeli hasi 3, na ukimya wa chumba uwe chini ya hasi 60. Hivyo ni vipimo ambavyo ACX, jukwaa la vitabu vya kusikiliza la Amazon, inavidai. Wateja wa hapa hawavidai, lakini wakipokea faili safi wanarudi.

Sehemu iliyonirudishia ada yangu haraka ni biashara. Zamani nilikuwa nataja bei moja kwa tangazo, imekwisha. Sasa kabla sijataja chochote nauliza: redioni tu, au na TV na mitandao? Tanzania peke yake au Afrika Mashariki yote? Kwa muda gani, na muda ukiisha mtanilipa tena? Pia siku hizi mkataba wangu una sentensi inayokataza sauti yangu kutumika kufundishia au kutengenezea sauti ya akili unde bila idhini na malipo. Waigizaji wa sauti za michezo ya kompyuta Marekani, chini ya chama chao cha SAG-AFTRA, waligoma Julai 2024 kwa jambo hilo hilo. Sisi huku hatuna chama cha kutugomea, kwa hiyo ulinzi ni mkataba wako.

Upungufu upo. Akipata kazi ya ghafla studio, darasa lako linasogezwa, na ujumbe unajibiwa usiku wa manane. Madarasa yake ya kikundi sikuyapenda, mnakuwa wengi na zamu yako inapita haraka. Lipia ya peke yako hata kama ni machache. Usomaji wa vitabu hauwezi sana, na mwenyewe anasema hivyo. Wala hakutafutii kazi. Nilimuuliza mapema, akajibu wazi kwamba kazi yake ni kufundisha, na kochi anayeahidi kazi tumwogope.

Bei ni elfu hamsini kwa saa, nusu ikitangulia. Kwa anayeanza ni pesa nyingi, kwa hiyo ningesema nenda ukiwa na skripti zako ulizorekodi nyumbani, saa nzima itumike kusahihisha. Mimi demo alinikatalia mara ya kwanza nilipoomba. Aliponiruhusu, hakuirekodi yeye. Alinielekeza kwa prodyuza mwingine mwenye sikio jipya, na hakuchukua hata senti hapo katikati. Ina dakika moja, matangazo tu. Ya tamthilia ndiyo tunaiandaa sasa.