Nani Bingwa wa Bloku NBA? Mie Namchukua Hakeem

Assalaam alaykum watazamaji wangu, karibuni tena. Mmezoea kuniona hapa na raba za mtumba za Darajani, nazikunja, nazinusa, nawaambia hii chukua, hii iache. Leo sina raba. Bidhaa ya leo ni bloku. Mtu karuka kutupa mpira kikapuni, mwengine karuka kumnyima. Nani aliifanya kazi hiyo kuliko wote katika historia ya NBA, ile ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani?

Barazani kwetu Michenzani ubishi huu hauishi, na nusu ya wanaobisha mechi hawaangalii. Si wa kulaumiwa sana, fainali zenyewe huku kwetu zinaanza saa tisa na nusu za usiku. Wanaona vipande vya simu, basi.

Sasa tazama. NBA ilianza kuhesabu bloku msimu wa 1973-74. Bill Russell wa Boston Celtics, ubingwa mara 11 katika misimu 13, alishastaafu tangu 1969. Bloku zake hazimo kitabuni, hata moja. Wilt Chamberlain naye vivyo hivyo. Kareem Abdul-Jabbar misimu yake 4 ya mwanzo haikuhesabiwa, na bado ana 3,189! Kwa hiyo ukiniletea orodha ya takwimu ukaniambia mambo yamekwisha, yakhe, hujaanza.

Na huyo Russell ndiye aliyenipa kipimo changu. Hakuwa na haja ya kuupiga mpira ukaangukie jukwaani. Aliugusa tu, ukabaki uwanjani, mwenzake akaudaka, Boston hao wanakwenda kufunga. Bloku ya kupeleka mpira kwa watazamaji inapendeza kwenye simu, lakini mpira wanarudishiwa wale wale. Kelele nyingi, faida kidogo.

Kwa wastani hakuna wa kumfikia Mark Eaton wa Utah Jazz. Bloku 3.5 kwa mchezo maisha yake yote, na msimu wa 1984-85 alipiga 456. Rekodi hiyo mpaka leo ipo. Mita 2.24, na kabla ya mpira alikuwa fundi magari! Tatizo langu kwake ni kwamba alikuwa kama mlango wa Mji Mkongwe: mzito, una misumari, unatisha, lakini hautoki kwenye fremu yake. Ukimvuta mbali na kikapu, kazi imepungua.

Manute Bol, mtoto wa Kidinka kutoka Sudan, mita 2.31, alimaliza na bloku 2,086 na pointi 1,599. Bloku zimepita pointi. Nampenda mno, lakini bingwa wa wote siye.

Na msiniulize "mbona humtaji Hasheem?" Namtaja. Hasheem Thabeet wetu, mita 2.21, chuoni Connecticut alikuwa akipiga bloku zaidi ya 4 kwa mchezo. Mwaka 2009, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry. NBA haikumwendea vizuri. Kule warefu wamejaa, wanaotafutwa ni warefu wenye miguu.

Dikembe Mutombo, Mungu amrehemu, alituacha Septemba 2024. Bloku 3,289, wa pili kwenye orodha. Beki bora wa mwaka mara 4. Kile kidole chake alichokitikisa baada ya bloku, "hapana, hapana, hapana", kila mtoto anakijua, hata asiyewahi kushika mpira. Mwaka 1994 Denver yake, timu ya nane, iliwatoa Seattle waliokuwa wa kwanza, na Mutombo peke yake alipiga bloku 31 katika mechi 5. Ukimchagua yeye sigombani nawe. Nitakutazama tu.

Lakini mie namchukua Hakeem Olajuwon. Mtoto wa Lagos, alikuwa golikipa wa soka na mchezaji wa mpira wa mikono kabla hajagusa kikapu. Ile miguu ilitokea huko. Bloku 3,830, wa kwanza. Februari 1995 Ramadhani imeingia, anacheza na saumu yake, na mwezi huo huo akawa mchezaji bora wa mwezi.

Nendeni mkatafute fainali ya 1994, mechi ya sita. Houston, timu ya Hakeem, wanaongoza 86 kwa 84, sekunde zinakatika. New York wakishinda tu, kombe lao. John Starks wa New York robo ile hashikiki. Mwenzake Patrick Ewing anakuja kumzibia beki wake njia, na Hakeem, aliyekuwa akimkaba Ewing, anamwacha mtu wake na kumfuata Starks nje kabisa, kwenye mstari wa pointi tatu. Starks anaruka, anatupa. Hakeem anaugusa kwa ncha za vidole. Ukiangalia kwa kasi ya kawaida huoni kitu, unaona mpira umekufa njiani. Mechi ya saba Houston wakachukua ubingwa. Eaton asingefika pale, na Mutombo nina wasiwasi naye.

Victor Wembanyama? Yule Mfaransa anatisha, anatoka nje kama Hakeem na ni mrefu zaidi. Bado mapema, mwacheni acheze.

Sasa kundi la Mutombo, najua mnakuja na kidole chenu. Karibuni, lakini mje na jibu: Hakeem ana bloku zaidi ya 2,000 na mipira ya kupokonya zaidi ya 2,000, na NBA nzima hana mwenziwe. Nileteeni wa pili.