Rimu na Breki za Nyuma za Corolla Kuukuu: Gereji Moja ya Ipuli, Tabora

Corolla yangu ni ya mwaka 1982, toleo la KE70, yenye ekseli nzima ya nyuma (mhimili mmoja unaounganisha magurudumu mawili) na breki za dramu, nami niliipeleka gereji moja ya Ipuli nikitaka iwekewe rimu pana zaidi pamoja na breki za diski. Rimu nilikuwa nimekwisha kuzinunua, zimetoka kwenye Corolla ya miaka ya 1990. Fundi hakuzilazimisha kwa nyundo, kama nilivyowahi kuona kwingineko. Alichukua rula, akanionesha kwamba matundu yake manne yamekaa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100, ilhali stadi za gari langu, yaani skrubu za kufungia gurudumu, zinataka milimita 114.3. Hasara hiyo ni yangu mwenyewe.

Kuhusu diski alikuwa mwangalifu zaidi: alieleza kuwa breki ya nyuma ikizidi nguvu, magurudumu ya nyuma hujifunga kabla ya yale ya mbele na gari huweza kuzunguka, hasa penye mchanga, hivyo valvu ya kugawa shinikizo kati ya breki za mbele na za nyuma hubidi iangaliwe upya, pamoja na kebo ya hendibreki. Gharama hiyo ilinishinda, basi akabaki na dramu, akabadilisha brekishu (vipande vinavyosugua dramu) na silinda ndogo za magurudumu zinazovisukuma, akatoa hewa kwenye mabomba ya breki mpaka pedali ikakaza.

Nina lawama moja: bei tuliyopatana asubuhi siyo niliyodaiwa jioni. Hata hivyo, nilipozijaribu breki njia ya Urambo, gari lilisimama bila kuvuta upande wowote.